Malalamiko Kuhusu Injini ya Babu Isiyokufa

Kwa Mhandisi Mkuu,
Idara ya Injini Ndogo za Dizeli.

Mheshimiwa Mhandisi,

Theluji ya huku kwetu Iwate, kaskazini mwa nchi, imeanza kuyeyuka, na natumaini huko kiwandani nako mmeanza kupata joto. Mimi ni Onodera Chihaya, mwanafunzi wa sekondari. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na katika zote mbili sauti yangu hukwama kooni mbele ya watu, ndiyo maana sikupiga simu. Naandika kuilalamikia injini ya silinda tatu mliyoibuni kabla sijazaliwa, iliyomo ndani ya katapila dogo la babu yangu, Mzee Onodera Eikichi. Lalamiko langu ni kwamba haiharibiki.

Babu ana miaka themanini na moja. Daktari amesema uti wake wa mgongo hauwezi tena kuvumilia mtikisiko wa mashine. Kabla ya theluji kuanza, aliteleza akishuka kitini, akalala topeni mpaka jirani yetu, Bwana Chiba, alipomwona. Tulipomsihi aache kazi alijibu, "Siku injini ikisimama, nami nitasimama." Tulifurahi. Tulidhani ni suala la miezi michache. Hatukujua mlichokifanya.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Baridi. Asubuhi ambayo bomba la jikoni limeganda, babu huzungusha ufunguo kidogo, akasubiri silinda zipate moto, kisha akawasha. Injini huitika papo hapo. Mimi mwenyewe siitiki hivyo nikiitwa darasani.

2. Ubunifu. Nimekisoma kitabu cha mafundi kilichokuja na mashine. Mngeweza kuweka mkanda wa mpira, ambao siku moja ungekatika kama mikanda mingine. Nyinyi mkaweka gia za chuma. Mngeweza kuweka kompyuta ikapata unyevu. Hamkuweka. Rejeta mmeifanya kubwa kuliko inavyohitajika, kana kwamba kuna kitu mlikiogopa. Aliyeichora injini hii hakuifikiria hata kidogo familia ya mwendeshaji. Katapila jipya la mtoto wa Bwana Chiba lina kichujio cha masizi. Kikijaa, taa huwaka, mashine husimama ili iuchome uchafu huo, naye huketi akanywa chai. Hayo ndiyo maendeleo.

3. Majirani. Hapa naomba msome polepole. Kijiji kizima kinataka babu apumzike, lakini hakuna anayethubutu kumnyima kazi, kwa sababu kumnyima kazi ni kumwambia amezeeka. Kwa hiyo wanamtafutia kazi. Babu naye anataka kupumzika, nilimsikia akiiambia hivyo picha ya marehemu bibi, lakini hawezi kukataa, kwa sababu kukataa ni kuwaangusha majirani.

Mwaka jana Bwana Chiba alichimbiwa mtaro. Akaufukia mwenyewe kwa koleo, kimyakimya, kisha akaja tena mlangoni kwetu ameinamisha kichwa: "Samahani sana kukusumbua, Mzee Onodera. Kuna kamtaro." Babu akauliza, "Pale pale?" Akajibiwa, "Pale pale." "Chiba, huo mtaro wako unajifukia?" "Ardhi yangu ina tabia mbaya, mzee." "Imemfuata mwenyewe. Haya, nakuja kesho."

Sasa Bwana Chiba naye anaumwa mgongo, kwa kufukia.

4. Kwa hiyo katika kijiji hiki ni injini peke yake inayoweza kumwambia babu "basi" bila kumkosea adabu, na hiyo ndiyo mliyoinyima uwezo wa kusema.

Naomba basi mtume fundi, aje kama wa ukaguzi wa kawaida, aitie injini ugonjwa. Uwe ugonjwa wa heshima. Isife kwenye mteremko. Isife kwa kukosa oili, kwa maana babu hubadilisha oili kabla ya wakati na angeona ni kosa lake. Isitoe moshi mweusi mbele za watu. Ife bandani, siku ya jua, baada ya chai ya saa nne.

Kama hilo haliwezekani, mtume barua yenye muhuri mkubwa mwekundu, kwamba injini hiyo imestaafishwa kwa heshima, na wafanyakazi watatu wenye kofia safi waje kuiinamia. Nalo likishindikana, idara nzima ije kumwomba babu radhi kwa kuiunda imara mno. Hawezi kumkatalia mtu anayeomba radhi, ataizima.

Na injini zenu za baadaye naomba zizeeke pamoja na wenye mashine. Mgongo wa mtu ukianza kuchoka, nazo zianze.

Nawasalimu wote hapo: wachoraji, wapimaji, na yule anayekaza boliti za mwisho, ambaye kwa maoni yangu anakaza mno.

Kwa unyenyekevu mwingi,
Onodera Chihaya

N.B. Barua hii ilikuwa bado mezani leo asubuhi injini ilipokataa kuwaka. Hakuna aliyeigusa injini hiyo. Babu alizungusha ufunguo, akasubiri, akazungusha tena. Kisha akashuka, akaishika ubavuni, akasema, "Haya. Umefanya kazi." Tangu hapo ameketi sebuleni na kofia yake ya kazi kichwani. Bwana Chiba alikuja kumwambia mtaro unaweza kungoja. Babu akamwinamia na kumwomba radhi mara nyingi hivi kwamba Bwana Chiba aliondoka amevaa viatu visivyo vyake. Supu ya miso imepoa, hajaigusa. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Chihaya, wewe unayesoma vile vitabu, itakuwa nini?"

Nimesoma. Ni pampu ya dizeli. Tafadhali puuzeni yote niliyoandika hapo juu, mtume pampu kwa gari la haraka. Namba yake iko nyuma ya bahasha. Mambo ya mgongo tutayafikiria baadaye. Nimemwambia kwamba nyinyi hujibu haraka.