Hotuba ya Headman Naftaly Siku ya Kusomwa Ripoti ya Popo wa Pango la Kabazi

Mheshimiwa Bwana D.C., ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye hakuweza kufika, lakini kiti chake kimefika. Bwana Karani wangu, Dalmas. Askari wa geti, Kosgei. Wazee wa kambi wenye kofia na wasio na kofia. Vibarua wote wa shamba. Na mwisho kabisa, kwa sababu ndivyo protokoli inavyotaka, akina mama: hamjambo? (Kimya.) Nimesema hamjambo! (Kosgei anainua rungu. Makofi.)

Leo, Februari hii ya mwaka 1958, nimesimama mbele yenu mimi, Headman Naftaly, Mwenyekiti wa Kamati ya Popo, Katibu wake na mjumbe wake wa pekee, niwatangazie kwamba ile Sayantifiki Savei ya aina za popo walioko katika pango letu, ambayo kwa ajili yake tulilazimika, kwa uchungu mkubwa niliousikia mimi peke yangu, kulizungushia pango seng'enge na kuwakataza ninyi kuteka maji ya chemchemi iliyomo ndani, imefanyika, imefaulu, na imevuka hata matarajio ya Serikali. (Makofi ya karani.)

(Mama mmoja, Wachuka, anasimama: "Headman, ni miezi kumi na minane tunateka mtoni. Mgongo umekwisha. Na mtoto wa Wariara ni wa tatu kulazwa kwa tumbo. Sisi tunauliza maji tu.")

Mama Wachuka, keti. Swali lako limepokelewa, litajadiliwa, na jibu lake ni hapana. Sayansi haina haraka. Mnataka popo wakimbie kwa kelele za madebe, halafu Ulaya waseme sisi watu wa Kabazi hatujui kutunza popo?

Sasa matokeo. Nasikia wataalamu wengine huwagawa popo kwa masikio, kwa meno, sijui kwa pua. Huo ni ushamba. Mimi nimewagawa kwa utaratibu ninaoujua, ule wa kuita majina asubuhi kengele ikilia. Wako popo wa mkataba, wanaolala humo mwaka mzima. Wako popo wa kibarua, wanaokuja matunda ya Bwana mwenye shamba yakiiva na kupotea yakiisha. Wako popo wasio na kazi. Na wako popo wakorofi, yaani wale wasioitika jina. (Kicheko.) Usicheke, Masinde, wewe uko fungu la tatu. Ukiyagawa mafungu hayo katika aina zake ndogondogo, jumla tumepata spishi kumi na saba na nusu. Hiyo nusu ni popo aliyeonekana bawa moja tu. Asilimia tisini na sita walikutwa wamelala mchana, saa za kazi, kichwa chini miguu juu bila haya, na asilimia mia moja walitoka nje wakati wa kafyu, bila pasi. Jambo hilo nimeliandikia Ofisi kwa wino mwekundu, na nimependekeza popo wote wapewe vipande vya kuvaa shingoni, kama ninyi.

(Mzee Hiram, bila kusimama: "Na nani aliingia ndani akawahesabu?")

Mzee Hiram, hilo ni swali zuri, lakini ni la kienyeji. Savei ya kisasa haiingii ndani. Kuingia ndani ni kazi ya popo. (Kicheko, kisha minong'ono.)

Na maendeleo yanakuja! Itajengwa barabara ya lami kutoka Subukia mpaka mlangoni pa pango, na hoteli ya wageni wa kutazama popo, na kila nyumba ya kambi hii itapewa picha ya popo, rangi mbili, ya kutundika ukutani. Mtu akiwaambia hakuna progresi, mwonyesheni picha. Semeni pamoja nami: Popo wetu, sifa yetu! (Karani: "Sifa yetu.") Kiu kidogo, heshima kubwa! (Kimya.) Basi nimesikia mmeitikia moyoni.

Nimalize kwa shukrani, kwa maana asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa. Namshukuru yule Bwana mtaalamu wa popo ambaye barua yake ya mwaka juzi ndiyo iliyoanzisha jambo hili lote, akieleza kwamba hatakuja, kwa kuwa amepata popo wengine Uganda, na kwamba tusijisumbue. Hatukujisumbua. Namshukuru Dalmas, aliyeandika ripoti nzima, kurasa arobaini, akiwa ameketi jikoni kwangu, pasipo kumwona popo hata mmoja, maana anawaogopa. (Dalmas anaangalia viatu vyake.) Namshukuru Kosgei, aliyehakikisha hapiti mtu. Na kuliko wote nawashukuru ng'ombe wangu kumi na wanne, ambao wamekuwa wakinywa kwenye chemchemi ile alfajiri na jioni, saa za kafyu, ili nisiwasumbue ninyi, na wamenenepa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa na tumbo, jambo linaloonyesha wazi kwamba maji ya pango letu ni safi kabisa na...

(Wachuka anaweka ukanda wa debe lake kichwani, anageuka, anaanza kuteremka njia ya pangoni. Wariara anamfuata. Jerop, mke wa Kosgei, anamtazama mumewe, kisha naye anaondoka. Akina mama wote wamesimama. Kosgei analaza rungu lake juu ya kile kiti kitupu na kuwafuata, akitafuta ufunguo mfukoni.)

Ketini! Sijafunga baraza! Ninyi akina mama, nimesema asante, sijasema nendeni! Kosgei! Usifungue hilo geti, Kosgei, ng'ombe hawajanywa ya jioni!