Malalamiko Kuhusu Kusifiwa kwa Utumbo

Nyumba ya kona, nyuma ya uwanja wa mpira,
Mamelodi Magharibi.
Jumamosi, Novemba 16.

Kwako Ntate Lesiba Mabusela,
Mwenyekiti, Chama cha Wapenda Jazi wa Jumapili.

Ntate Mwenyekiti,

YAH: KUSIFIWA KWA UTUMBO NYUMBANI KWANGU, NA YALIYOFUATA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini goti lako limepata nafuu na viatu vyako vya rangi mbili vimekauka baada ya mvua ya Jumapili ile. Mimi ni mzima. Mke wangu Raesetja ni mzima. Spika zangu nazo ni nzima kabisa, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Barua ya kamati niliipokea Jumatano. Inasema, kwa upole mwingi, kwamba kikao cha Desemba cha kuwakumbuka wenzetu waliotangulia hakitafanyika tena kwangu bali kwa Ntate Frans Tloubatla, "kwa sababu za kiufundi". Ntate, tangu mdogo wangu Phuti afariki miaka tisa iliyopita, santuri yake ya pekee, ile aliyopiga besi ya mbao ndefu kuliko yeye mwenyewe, imechezwa kila Desemba sebuleni kwangu. Hakuna mwingine mwenye nakala. Kuipeleka kwa Tloubatla ni kumhamisha marehemu bila kuiuliza familia. Kwa hiyo naomba uamuzi ufutwe, na mpaka utakapofutwa santuri haitatoka kabatini. Sababu zangu nimezipa namba ili zisipotee njiani.

1. Utumbo. Sote tunajua desturi yetu. Mwenyeji haambiwi kwamba mashine yake inalia vibaya, maana sisi si watu wa kuaibishana. Muziki ukiwaingia wageni, mmoja huvua kofia, akaingia katikati, akacheza peke yake. Usipowaingia, husifu chakula. Jumapili ya mwisho ya Oktoba niliwachezea santuri kumi na moja, ya Phuti ikiwa ya mwisho, na hakuna kiatu kilichosogea. Badala yake Ntate Tloubatla alisema, "Ntate Ledwaba, huu mogodu, utumbo huu wa shemeji, mbona leo umekolea hivi?" Mme Mokgadi, mama katibu wetu, akaomba afundishwe kuupika. Nawe Mwenyekiti, ukiwa na sahani ya tatu mkononi, ukasema, "Jamani, mchuzi huu ndio wenye besi." Watu walicheka sana. Sasa nakufahamisha rasmi kwamba utumbo ule ulizidi chumvi, na mpishi mwenyewe amekiri. Mliusifu utumbo mbaya ili kunisema mimi, na Raesetja sasa anaulizwa mapishi asiyojivunia.

2. Spika zenyewe. Redio yetu kubwa ya zamani iliunguzwa na radi mwezi wa pili, mnajua. Hizi nimezipata kwa bibi mmoja mjini aliyekuwa akihama, na kwa miaka mingi alikuwa akizitumia kuwekea vyungu vya maua. Nilipozifungua, ile mikanda ya sponji inayozunguka koni ilibomoka kama mkate wa juzi. Mtu mwingine angezitupa. Mimi nilikata mikanda mipya kutoka kwenye ngozi laini ya kufutia magari, nikaibandika kwa gundi, nikaigandamiza kwa mabakuli ya Raesetja siku mbili mpaka ikashika. Ndani nilijaza sufu iliyotoka kwenye blanketi letu la harusi, na tangu hapo tunalala na baridi. Viungio vyote nilivisugua kwa spiriti. Nilizipandisha juu ya matofali mpaka zikawa sawa na masikio ya mtu aliyekaa, nikazigeuza kidogo zitazame kochi, nikaziacha hatua moja mbali na ukuta. Besi haikuja. Nikazisukuma kwenye kona, maana kila maskini anajua kwamba kona hutoa besi ya bure. Haikuja pia. Nikiwa nimefanya yote hayo sawasawa, ni wazi kwamba kosa haliko kwenye spika.

Wala haliko kwenye nyaya. Nyaya zao za asili zililiwa na panya, nikaweka waya wa taa ya mezani, ule mweupe wa pacha, pande zote mbili rangi moja. Mimi nimetengeneza laini za simu miaka thelathini na moja, Ntate, na sihitaji rangi ili kufunga waya. Raesetja, ambaye ni fundi cherehani na hushika kila kitu kana kwamba ni kitambaa, alinijia nikiwa chini nafunga, akauliza, "Sasa hapa uso ni upi na mgongo ni upi? Mimi nikikata bila kujua uso, suruali mguu mmoja unakwenda mbele, mwingine unarudi nyuma." Nilimweleza kwa subira kwamba umeme si suruali. Nalitaja hili ili kamati ijue mazingira ninayofanyia kazi.

3. Miili ya wanachama. Mlikuja kumi na saba. Sipendi kumsema mtu unene, lakini tangu chama kianzishwe wanachama wameongezeka upana kuliko idadi, na kila mtu anajua sauti ikigonga mwili mnene uliovaa koti hairudi. Mme Mokgadi alikaa mbele ya spika ya kushoto na kofia yake ya manyoya. Napendekeza Desemba waje wanachama tisa tu, wapimwe kwa mizani mlangoni, na makoti yabaki uani. Mizani ya kuazima ninayo.

4. Ukuta wa jirani. Nimeupima. Laiti ungepungua matofali manne kwenda juu, sauti ingepata pa kupumulia. Naomba chama kimwandikie jirani, kwa barua yenye mhuri, aubomoe kabla ya Desemba. Akiuliza sababu, aambiwe ni utamaduni.

5. Masikio. Hapa nasema kwa mapenzi. Wajumbe wa kamati wote wamevuka sitini na tano, nawe Mwenyekiti umevuka muda mrefu. Sina kitabu kinachosema hivyo, lakini naamini mtu akizeeka besi ndiyo humtoka kwanza, kisha meno. Mnakuja nyumbani kwangu na masikio yaliyokwisha, mnarudi mkisema mashine imekwisha. Naomba kila mjumbe alete cheti cha kupimwa masikio kutoka kliniki. Asiye na cheti aruhusiwe kuingia kula, lakini asipige kura, na utumbo asiusifu.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza. Jana mchana nikaweka santuri ya Phuti peke yangu, bila wanachama, bila makoti, madirisha yamefunguliwa. Tarumbeta ilikuja. Piano ilikuja, nyembamba. Phuti hakuja. Nilikaa mpaka upande wa pili ukaisha nikimngoja mdogo wangu katika nyumba ambayo amekula na kulala humo, na hakuja. Ndipo nikalazimika kuongeza namba ya sita.

6. Marehemu. Hili naliandika kwa shida. Kama spika ni nzima, nyaya ni nzima na hakukuwa na watu wa kuzuia sauti, basi amebaki mmoja tu wa kuulizwa. Huenda Phuti alipiga taratibu. Huenda miaka yote hii redio kubwa ilikuwa ikimwongezea, nasi kwa kumpenda tukasikia tulichotaka kusikia. Naomba iandikwe katika kumbukumbu za chama kwamba marehemu Phuti Ledwaba alikuwa mpigaji wa taratibu, na kwamba kutosikika kwake kusihesabiwe tena kuwa kosa la mashine ya kaka yake.

Raesetja alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. Aliweka mkasi mezani akasema, "Ntate Ledwaba, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini wewe jua umelipita. Umefika kaburini." Tangu hapo hajasema nami, na chakula cha jioni nilikikuta kimefunikwa sahani.

Kwa hoja hizo sita naomba kikao kirudishwe kwangu, na Ntate Tloubatla apewe pole rasmi. Spika zake ndefu za dukani ni nzuri kwa kutazama.

Nisalimie Mme Mabusela na wajukuu. Wasalimie wanakamati wote, pamoja na wale nitakaowapima. Msalimie hata Tloubatla, lakini yeye mwishoni.

Ni mimi, mwanachama wenu ambaye bado anasikia,

Madimetja Ledwaba,
Fundi simu mstaafu.

Baada ya sahihi: Ntate Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imekwisha kuingia kwenye bahasha, nami nikawa nyuma ya nyumba nafyeka majani. Raesetja alikuwa akifagia sebuleni. Ili apate kupita nyuma ya spika alizichomoa nyaya, na alipozishika vidoleni akagundua kitu ambacho fundi simu wa miaka thelathini na moja hakukigundua: katika ule waya wa pacha, upande mmoja ni laini, na wa pili una kijistari chembamba kama mshono. Akafunga uzi mwekundu kwenye upande wenye mshono, mwanzo na mwisho wake, spika zote mbili. Kisha akarudisha kila uzi mwekundu penye alama nyekundu, kwenye spika na kwenye mashine. Mimi nilikuwa nimeifunga spika moja kinyume na mwenzake. Moja ikisukuma, nyingine inavuta, na besi inafia katikati yao. Ni kosa ambalo ningemcheka nalo kijana wa wiki ya kwanza kazini.

Hakuniita, maana alikuwa hasemi nami. Aliweka tu santuri ya Phuti ili afagie nayo. Nami kule nyuma, nikiwa na fyekeo mkononi, nikasikia glasi za kabatini zinatetemeka, halafu nikamsikia mdogo wangu. Hakupiga taratibu, Ntate. Alipiga kama alivyokuwa akibisha mlango, nyumba nzima ikajua amefika. Pale upande wa pili anapokawia kidogo kabla ya kurudi, palipo na kikohozi chake kilichonaswa na santuri, nilikuwa nimekwisha ingia ndani na matope miguuni. Nilitafuta kofia nikaivaa, kwa kuwa sikuwa na kofia ya kuvua. Nikaivua, nikaingia katikati, nikacheza peke yangu huku nalia, na sioni haya kuliandika.

Raesetja aliegemea ufagio akanitazama mpaka wimbo ukaisha. Akasema, "Haya. Jikoni kuna utumbo wa jana. Nenda kausifu." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana mchana.

Ningeweza kuichana barua hii, lakini namba ya sita niliiandika kwa mkono wangu, na nataka niifute mbele ya watu. Tafadhali isomwe yote katika kikao cha Desemba, na mtakapofika kwenye jina la Phuti mseme kwamba kaka yake alimkosea. Namba moja hadi tano mzicheke mnavyotaka, ila mizani nimekwisha kuirudisha. Sidai tena kikao kiwe kwangu. Mkiona vema kiwe kwa Tloubatla, kiwe kwa Tloubatla. Santuri nitaileta mwenyewe, na Raesetja atakuja na uzi wake mwekundu, kwa sababu anasema hamwamini fundi yeyote mpaka yeye mwenyewe ameshika nyaya zake.