Uzinduzi wa Mzambarau wa Mikindani

Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa mwakilishi wa Mkurugenzi, ambaye yuko njiani. Mwenyekiti wa Kamati ya Miti. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Gome. Wazee wa mtaa, wachungaji, kina mama wa vikundi, na nyinyi wananchi watukufu wa Mikindani mliosimama kwa kuwa viti ni vya wageni: hamjambo? (Wachache: "Hatujambo.") Hamjambo tena? (Wale wale.)

Mimi, Erastus Kyalo, Kaimu Naibu Mratibu Mwandamizi wa Mpango Jumuishi wa Uendelezaji wa Mzambarau Mwitu, nimesimama chini ya mti ambao, kwa mujibu wa ripoti yetu ya kurasa tisini, majani yake huwa mabichi mwaka mzima wala haujui kupukutika (jani linaangukia hotuba), na ambao gome lake likichemshwa hufunga tumbo la kuhara, jambo ninalolithibitisha binafsi, maana asubuhi hii, baada ya chai ya mapokezi, nilipatwa na changamoto ya kiutendaji, na Bi Mapenzi huyu akaniokoa kwa kikombe kimoja. (Kicheko. Bi Mapenzi hacheki.)

Bi Mapenzi amewatibu watoto wenu miaka thelathini, na tunampongeza, ila hana mfumo. Yeye huchuna kipande upande wa macheo na kipande upande wa machweo, basi, kisha anausubiri mti upone ndipo arudi. Ndugu zangu, kwa mwendo huo dira ya maendeleo tutaifikia lini? Wataalamu wangu, wiki sita zilizopita, kwa siku moja tu, walichuna gome mzunguko mzima, kutoka mizizini hadi usawa wa kifua cha afisa wa wastani, ufanisi wa asilimia mia moja! Sampuli zote ziko makao makuu, kwenye fremu za vioo. (Majani yanazidi kuanguka. Baya, askari wa chifu, anayapangusa mezani.) Majani haya yasiwatie hofu. Mti unatupigia makofi.

(Bi Mapenzi: "Mheshimiwa, mti ukichunwa gome mzunguko mzima, hufa. Mvua zikija na watoto wakaanza kuharisha, mimi niwachemshie nini?")

Swali zuri sana, mama, nimelipokea, na litajadiliwa na wadau wote kwenye warsha, ambayo itatanguliwa na semina. Wakati huo mtakuwa na kitalu cha miche elfu kumi, maabara, na zahanati ya mitishamba yenye vitanda. (Sauti: "Kitalu kiko wapi?") Kiko kwenye mchakato.

Semeni nami: mzambarau, oyee! (Oyee moja, ya Baya.) Gome letu, afya yetu! (Baya anakohoa.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru fundi Lenox aliyetuchorea kibao kile kizuri kilichopigiliwa misumari mtini, kwa kuwa ndicho awamu ya kwanza, ndicho ya pili, na ndicho ya mwisho. Zaidi ya hapo hakuna kilichopangwa. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Na kwa vile ile changamoto ya asubuhi naona inarejea, tena kwa kasi, namwomba Bi Mapenzi anipe kikombe kimoja cha safari.

(Bi Mapenzi anaifungua chupa yake ya chai, anaiinamisha mbele ya watu wote. Halitoki tone. "Ulilokunywa asubuhi, baba, ndilo lililokuwa la mwisho.")