Kibanda cha Vitu Sitini

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya Kibirichia leo inakata masikio. Naandika nikiwa na glavu moja, nyingine Mama anashikia sufuria. Lakini moyo una joto! Kagwiria amepiga simu kutoka Embu. Amesema shangazi yake, Anti Gladwell wa Siakago, yule aliyemlea tangu utotoni, anataka kuja kuona boma langu Jumamosi. Niliruka. Nikauliza tuchinje mbuzi au kondoo. Akasema nitulie, ni boma la kwenye simu.

Nieleze vizuri, ili wajukuu wangu wakisoma haya waelewe babu yao alipitia nini. Kuna gemu inaitwa Mtaa wa Mawingu. Kila mchezaji ana nyumba, anaipamba, majirani wanakuja kutazama na kusema maneno. Mimi na Kagwiria tukimaliza kazi, yeye ualimu na mimi udalali wa viazi, tunakutana humo, kwa sababu kutoka hapa hadi Embu si mchezo. Anti Gladwell naye humo ndani ni mtu mkubwa. Tangu astaafu ualimu mkuu anapamba nyumba kutwa. Amesema mwanamume asiyeweza kupanga nyumba kwa kidole hataiweza kwa mikono. Jumamosi akiridhika, nitapeleka wazee wangu Siakago tuanze mambo ya ndoa. Asiporidhika, Kagwiria asimtajie tena jina langu, Kobia.

Tatizo ni dogo tu. Nyumba za Mtaa wa Mawingu ni za saizi tatu. Kibanda hubeba vitu sitini, basi. Nyumba ya Kati, mia na hamsini. Kasri, mia nne. Kila kitu kinahesabiwa, kitanda kimoja, kijiko kimoja, sawasawa. Mimi nilimwambia Kagwiria nina Kasri. Nina Kibanda. Tangu siku hiyo nimefunga lango na kusema ujenzi unaendelea.

Nina siku za kutosha. Mtu mwenye akili hashindwi na nyumba ya simu.

Jumanne, 15 Julai

Viwanja vya Kasri havinunuliwi. Vinapigiwa kura, na kura ilikuwa leo jioni. Mchezaji mmoja, kura moja. Sheria nzuri kwa watu wasiojua udalali! Nimezunguka soko zima nikiazima simu. Nimefungua akaunti kwa jina la Mama, la mjomba Mwongera, la mama wa mboga, hata la Kaimenyi, dalali mwenzangu ambaye kwa kawaida hatusalimiani vizuri. Kila mwenye simu nimemnunulia chai na andazi.

Tumeshinda! Nimepiga kelele mpaka nikaangusha mizani ya watu.

Kumbe akaunti mpya nazo ziligombea, watu wakabonyeza jina walilolijua, na aliyeshinda ni Kaimenyi.

Nikasema si kitu, atanihamishia. Nikasoma masharti. Kasri halihamishwi. Nikasema bado si kitu, nitapokea wageni humo kama kwangu. Nikamfuata Kaimenyi nyuma ya lori. Nimemkuta ameshaingia ndani, amekaa katikati ya ukumbi mtupu juu ya gunia moja, anatazama dari. Amesema maisha yake yote hajawahi kuwa na ukumbi. Nikamkumbusha kwamba asubuhi alikuwa hajui hata gemu yenyewe inafunguliwa wapi. Akasema hiyo ilikuwa asubuhi. Halafu akaniambia nikija kwake siku nyingine nipige hodi kwanza.

Haki ya nani, andazi langu lirudi!

Jumatano, 16 Julai

Nimeamka na jibu. Lumbesa!

Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Gunia la viazi likijaa, hulifungi. Unashonea wavu juu, unaongeza viazi mpaka linaota kichwa na mabega, na bado linaitwa gunia moja. Serikali ilikataza zamani. Lakini serikali haijafika Mtaa wa Mawingu.

Nimegundua kwamba vitu vya uani havichanganywi na vile sitini vya ndani. Uani nina ruhusa ya vitu vingine ishirini. Basi nimechukua makabati meupe ya nguo, yale marefu, nikayapandanisha mbele ya Kibanda na juu ya paa, migongo ikitazama barabara. Kwenye migongo nimetundika picha za madirisha. Kabati moja la chini, kando ya mlango, ndilo linashikilia mengine yote. Ukisimama langoni unaona ghorofa tatu, nyeupe, zenye pazia!

Mama amechungulia simu akauliza kwa nini nyumba yangu inafanana na stoo ya fundi seremala. Mama hajui mambo ya ubunifu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemtumia Kagwiria picha, nimeipiga kutoka langoni. Amejibu kwa mioyo mingi. Anti Gladwell amekuza picha, akaivuta huku na huku, akauliza fundi ni nani. Nikasema ni mimi mwenyewe, kwa unyenyekevu.

Halafu Kagwiria akapiga simu. Amesema amechoka, watoto wa darasa lake wote wana mafua. Amesema nyumba ikiwa kubwa ni sawa, lakini yeye akifikiria nyumba anafikiria kiti karibu na mlango, avue viatu, apewe chai kabla hajaulizwa maswali. Nampenda huyu msichana, sitaandika zaidi kwa sababu Mama anapenda kusoma vitu vya watu.

Kabla hajakata ameongeza kwamba Anti Gladwell anakuja na wanawake wa chama chake. Wote wana akaunti. Niandae viti vinane.

Viti vinane! Ndani nimejaza, sitini juu ya sitini!

Ijumaa, 18 Julai

Siku ngumu. Viazi vya watu vimelala sokoni nikihesabu vitu vya simu.

Ndani kuna piano. Kuna tangi la samaki. Kuna simba wawili wa dhahabu. Kuna taa ya vioo inayoning'inia. Na kuna viazi. Nilitaka rundo la viazi sebuleni, wageni wajue wameingia kwa mtu wa Kibirichia, kwa hiyo niliviweka kimoja kimoja, vizuri, vinapendeza. Vimefika ishirini na moja. Kumbe kila kiazi kinahesabiwa kama kitanda! Gunia zima lingekuwa kitu kimoja. Lakini kupunguza rundo leo, usiku wa kuamkia wageni, ni kutangaza kwamba shamba limekufa. Siwezi. Nina jina sokoni.

Nimetoa kitanda, jiko, meza, pazia za kweli na beseni. Viti vinane vimeingia. Nikapiga hesabu: sitini kamili. Halafu nikakumbuka chai.

Sinia la chai, na birika na vikombe vyake vyote, ni kitu kimoja. Kimoja tu! Na nafasi hakuna. Mama mkwe mtarajiwa atoke Siakago kwenye joto, hata kama ni kwa simu, aingie kwangu akae bila chai? Ukoo wangu utaniweka wapi?

Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta kitu kisicho na kazi. Simba wana kazi, wanatisha. Samaki wana kazi. Mwishowe nimekiona. Mlango! Mlango nao unahesabiwa! Na mlango kazi yake ni moja, watu waingie. Wakishaingia wote, mlango unafanya nini? Umesimama tu. Basi kesho wakishakaa, nautoa mlango, naweka sinia. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akabisha ukutani.

Jumamosi, 19 Julai

Nianze na mazuri.

Walifika wakati niliotarajia. Sauti zao zilijaa kwenye simu. Anti Gladwell alivaa taji, humo ndani wakubwa huvaa taji. Akasimama langoni akatazama ghorofa zangu tatu, akasema hmm. Hmm nzuri! Wakaingia mmoja mmoja, wakakaa, Kagwiria akachukua kiti kilichokuwa karibu na mlango. Nikabonyeza mara mbili. Mlango ukapotea, ukuta ukaziba, sinia la chai likatokea katikati likifuka moshi.

Wanawake walisema aaa! Anti Gladwell alisema hajaomba na ameletewa. Akasifu simba. Akauliza viazi ni aina gani, nikamwambia shangi, akasema ndivyo alivyodhani. Akamwambia Kagwiria, nikisikia, kwamba kijana ana mkono wa kupokea watu. Niliona Siakago. Niliona wazee wangu wamevaa makoti.

Halafu Anti Gladwell akasimama, akashukuru, akasema wanapitia kwa jirani mwenye Kasri kabla ya mazoezi ya kwaya. Akaelekea ukutani. Akagonga ukuta. Akauliza mlango uko wapi.

Nikasema anywe chai kwanza.

Akasema ameshakunywa.

Nilijaribu kuurudisha. Ilibidi nitoe kitu kimoja nipate nafasi, nikatoa kiazi kimoja, hakuna aliyegundua. Lakini mlango ulikataa. Maandishi yakatokea: mlango huwekwa ukiwa umesimama uani. Mimi nilikuwa ndani! Mwanamke mmoja akazima simu akawasha tena, akajikuta palepale kwenye kiti. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba ameanza kusikia joto. Joto la wapi, kwenye simu? Mchungaji wao akapiga kuuliza waimbaji wa soprano wako wapi. Anti Gladwell akamjibu kwamba wamefungiwa kwa mkwe.

Njia ilikuwa moja: kumpa jirani ruhusa ya kupanga uani kwangu. Na jirani aliyekuwa macho ni Kaimenyi. Nikampigia. Akachukua muda kupokea. Akaniambia nipige hodi. Nikapiga hodi, mbele ya wanawake wote wanane, Kagwiria akiwemo. Akasema hajasikia. Nikapiga tena, kwa nguvu.

Alipofika uani akasema hana pa kusimama, lile kabati la kando ya mlango limemzuia. Nikamwambia asiguse kabati. Nikamwambia mara tatu! Akaligusa.

Ghorofa mbili zilishuka. Makabati yalibingirika mpaka barabarani, madirisha yakafuata. Mlango ukarudi. Wageni wakatoka mmoja mmoja wakakuta Kibanda, na mbele yake rundo la mbao. Anti Gladwell akatazama juu, akatazama chini. Hakusema hata hmm. Wakaenda kwa Kaimenyi. Hana hata kiti! Walikaa sakafuni, na nasikia walifurahi sana.

Kagwiria alitoka wa mwisho. Simu yake ikakatika kabla sijasema neno.

Jumapili, 20 Julai

Sikuimba kanisani. Nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hata mlango wa kanisa ulinikera.

Mchana Kagwiria akapiga. Kwanza nilisikia kitu kama kilio, nikaanza kuomba msamaha: Kasri ni uongo, ghorofa ni makabati, mimi ni mtu wa vitu sitini. Kumbe alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akaniomba nisubiri anywe maji. Amesema alijua ni Kibanda tangu mwezi uliopita, jina la saizi linaandikwa langoni kwa herufi kubwa, na ni mimi peke yangu ambaye sikuliona kwa sababu siingii kwangu kama mgeni.

Amesema Anti Gladwell hajacheka hivyo tangu astaafu. Njiani kwenda kwaya aliwasimulia watu wote. Uongo haukumfurahisha hata kidogo, na hilo nitamjibu nikiwa nimesimama. Lakini amesema mtu aliyeng'oa mlango wake ili mgeni apate chai, huyo akifundishwa anaweza kuwa mtu. Kwa hiyo hajakataa. Anakuja Kibirichia Jumamosi ijayo, yeye na Kagwiria, kwa miguu yao, kuona boma lenyewe.

Kagwiria amenisihi jambo moja. Niache nyumba ilivyo. Kiti na chai vinatosha, na mlango uwepo. Nimemwapia. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti na sikuisikia. Anakuja! Kagwiria anakuja hapa!

Jumatatu, 21 Julai

Nimeiangalia nyumba yangu vizuri. Vyumba viwili, mabati, kiti cha Mama, stuli mbili na meza yenye mguu wa kuazima. Nikakaa nikawaza. Halafu likanijia, nikasimama wima.

Nyumba hii haina mtambo wa kuhesabu! Hakuna maandishi yatakayotokea hewani kusema nimefika kikomo! Nilikuwa nateseka kwa vitu sitini kumbe nalala ndani ya Kasri!

Nimeshaazima makochi ya Gikunda wa hoteli, yote, seti nzima na yale ya ziada. Mjomba Mwongera ananipa kabati la vyombo. Hata Kaimenyi amekubali kunipa friji yake. Sina stima ya kuiwasha, lakini ni nyeupe, inapendeza. Shukrani yake ni kwamba naye aalikwe. Anasema Anti Gladwell ni rafiki yake sasa. Nimemeza hilo. Viazi nitavipanga sebuleni, kimoja kimoja.

Shida moja tu imetokea jioni hii. Kochi kubwa la Gikunda haliingii. Tumeligeuza, tumelilaza, tumelisimamisha kichwa chini. Fundi amepima akasema labda tung'oe mlango na fremu yake.

Nimemwambia ang'oe. Tutaurudisha wageni wakishakaa.