Siku Saba za Kumfunda Mwali wa Chuo

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Assalaam alaykum, daftari langu. Hujambo? U hali gani humo kabatini, na nondo hawajakusumbua? Nilikuacha tangu mfungo, unisamehe. Mimi mzima, ila magoti, na joto, na hawa vijana wa nje wenye spika. Tangu alfajiri, soksi tatu buku, soksi tatu buku. Hata kwenye sijda nazisikia.

Habari kubwa. Tasneem amepata chuo! Mtoto wa mdogo wangu wa Lindi, nimemlea mimi hapa Mchikichi tangu yuko darasa la tano. Uuguzi, ng'ambo ya Magogoni. Ukoo mzima hakuna aliyewahi. Mimi nimeishia la saba, mama yake la nne. Barua inasema kuripoti ni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa saa sita mchana, na asiyeripoti nafasi yake atapewa mwingine. Nimeisoma mara tatu. Mwingine! Mwingine nani?

Sasa sikiliza. Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na sita nafunda mabibi harusi, na hakuna aliyerudishwa kwao, ila wawili, na wale walikuwa na mambo yao. Siku hizi watu wanamkodi Angelina, MC wa hapa mtaani. Spika, keki, maputo. Mwaka huu nimepata mabibi harusi wawili, mmoja wao ndoa ya tatu, akawa ananisahihisha mimi.

Leo baada ya alasiri, bado niko kwenye mswala, wazo likashuka. Bibi harusi haendi kwa mumewe bila kufundwa. Mwanafunzi je? Anapewa godoro na ndoo, anaambiwa kasome! Nani kamweleza ya huko? Basi nitafunda wali wa chuo. Naanza na wa kwangu. Siku saba ndani, liwa, udi, nasaha, na Ijumaa, siku njema, namtoa kwa vigelegele. Dar nzima itasikia, kina mama watapanga foleni.

Tasneem akasema, Mama mkubwa, wiki ya kwanza ndiyo wanatoa maelekezo. Nikamwambia maelekezo ninayo mimi. "Hadi Ijumaa" si imeandikwa? Hizo siku nyingine ni za kuonyeshwa vyoo.

Simu nimemnyang'anya. Mwali hashiki simu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimechoka. Kusugua liwa mtu mzima si mchezo, mkono wa kulia umekufa ganzi.

Nasaha zimeanza. Nikamwambia mkufunzi ni kama mume. Akiingia, inuka, mpokee mkoba. Usimuulize swali mbele za watu, subiri ashibe. Tasneem akauliza kwa adabu zote, darasa lina watu mia mbili, wote wakiinuka kupokea mkoba mmoja itakuwaje? Nikasema atakayewahi ndiye mwenye akili.

Nikaendelea. Mtihani ni kama mama mkwe, hodi yake huijui, nyumba iwe imefagiwa kila siku. Kazi ya kikundi usikubali kuwa mpishi peke yako, wenzio watakula na watasema chumvi imezidi. Hapo nikamwona anaandika. Anaandika maneno yangu! Machozi yakanilenga. Huko nje soksi tatu buku.

Magharibi haijafika, nani anapiga hodi? Angelina. Shikamoo Bi Sitara. Marahaba. Macho yake yanazunguka kama anatafuta sukari. Akasema mpwa wake Goodluck yuko chuo hicho hicho, karipoti leo asubuhi, mbona hakumwona Tasneem kwenye foleni? Nikamweleza mwali yuko ndani. Akacheka mpaka akashika mlango. Jamani Bi Sitara, chuo kimeleta posa?

Kisha akaacha kucheka. Akauliza fomu ya afya imeshajazwa? Lazima daktari ampime, bila hiyo fomu hasajiliwi, nafasi inakwenda.

Fomu gani? Barua ilikuwa na kurasa mbili. Nikamsindikiza kwa heshima, nikafunga mlango. Wivu tu.

Ukurasa wa tatu nimeuona saa hii. Nilifunikia bakuli la liwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Sikupata raha kutwa nzima. Mwali akitoka kabla ya siku zake jambo linaharibika, hilo hata bibi yangu alilisema. Asipotoka, fomu haijazwi, nafasi ya mtoto inapotea, na mdogo wangu Lindi ameshauza korosho zake zote kwa ajili ya hiki chuo. Mbele tope, nyuma tope, kama Jangwani mwezi wa nne.

Nikaswali rakaa mbili. Jibu likaja! Ndoa yenyewe, jambo zito vile, mtu huweka wakili. Wakili anakubali kwa niaba yake na ndoa inasihi. Sasa kupimwa presha ndiyo kushinde ndoa?

Kesho nitakwenda zahanati mimi. Nitavaa ninja. Mtu ni macho tu, na macho yetu ya ukoo ni mamoja.

Nikamweleza Tasneem. Akauliza nitachukua muda gani. Nikasema asubuhi nzima, foleni ya pale unaijua. Akasema basi nenda taratibu Mama mkubwa, usikimbilie kurudi, uyaonee huruma magoti. Mtoto ana imani huyu!

Jumatano, 9 Oktoba

Astaghfirullah. Niandike haraka nisije nikaacha.

Nimekaa kwenye benchi saa tatu nzima, joto ndani ya ninja kama niko kwenye chungu cha pilau. Daktari kijana, ndevu zake bado zinahesabika. Jina? Tasneem Shaibu. Umri? Nikafanya sauti nyembamba, kumi na tisa. Akaninyanyulia macho. Akatazama foleni iliyoko nyuma yangu. Akaandika.

Akanipandisha kwenye mzani. Kilo tisini na moja. Akagonga mzani kwa kidole, akanipandisha tena. Tisini na moja. Presha mia na sabini kwa mia. Akaniuliza, mdogo wangu, una mawazo? Mdogo wangu! Mwanangu wa tatu ni mkubwa kwake. Nikasema nawaza chuo.

Magoti? Nikasema yanauma nikipanda ngazi na nikirukuu. Akaandika. Umezaa mara ngapi? Daftari, mimi nimeulizwa swali hilo maisha yangu yote na jibu ni moja. Limetoka lenyewe. Wanne.

Kalamu ikasimama. Akavua miwani. Akasema pole sana, dada, na hongera kwa kurudi shule, wengi wangekata tamaa. Akagonga muhuri. Nilipofika mlangoni akanikumbusha nipunguze chumvi.

Nikarudi adhuhuri imeingia. Tasneem ametulia kitandani, kajifunika khanga, anahema kama aliyetoka kufua. Nikamwambia fomu tayari. Hakuuliza kilichoandikwa. Nami sikusema. Nimeikunja mara nne, iko chini ya msahafu ipate baraka.

Uongo si uongo, ni uwakili. Lakini usingizi wa mchana haukuja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya sita. Nimeomba wanawake saba wa madrasa waje kesho na vigoma. Wawili wameuliza kama kuna chakula. Nikaenda sokoni kununua mchele, na jua lile, na mzigo ule.

Nikakutana na Angelina pale Mnazi Mmoja, anatoka kukodi viti vya sherehe ya watu. Nikajiandaa kwa maneno. Hakunitania! Akasema tu kesho na yeye anakuja kumtoa mwali, akauliza avae sare gani. Nikashtuka. Huyu anataka kuiba utaratibu wangu, mwezi ujao utausikia kwenye spika.

Nikaikunjua tena ile fomu. Labda maandishi ya madaktari hayasomeki. Yanasomeka. Huyu mwandiko wake kama wa mwalimu wa chekechea.

Ijumaa, 11 Oktoba

Niandike toka mwanzo.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Tasneem ndani ya buibui jipya, hina mpaka kwenye kiwiko, kafunikwa khanga, haoni chini wala juu. Wanawake saba, vigoma vinne, na Angelina nyuma anapiga picha. Kwenye pantoni watu wakadhani harusi, mzee mmoja akatutunza elfu mbili. Nikaona neema hiyo.

Saa tano na nusu tuko dirishani chuoni. Muuguzi wa chuo, mama mnene wa heshima, kibandiko kinasema Leticia. Nikampa fomu, mkono wa kulia, kwa adabu. Akaikunjua. Akasoma kimya. Akaomba amwone Tasneem Shaibu. Nikamfunua mwali. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto kasimama pale kama kijiti cha ufagio.

Leticia akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Akaanza kusoma kwa sauti. Kilo tisini na moja. Magoti yanauma akirukuu. Watoto wanne! Foleni nzima ikaanguka kwa kicheko. Kijana mmoja akauliza, sista, na hosteli mnalala watano? Leticia hakucheka. Akamuuliza mwali, binti, huu mwili umeuacha wapi? Akasema fomu ya kughushi haina mjadala, nafasi inafutwa.

Vigoma vikanyamaza.

Yarabi! Nikaliona shamba la korosho la mdogo wangu. Nikashika vyuma vya dirisha. Nikasema mwili ni wangu, presha yangu, watoto ni wangu wote wanne, nitakutajia majina. Mtoto hakutoka nje, hajui lolote. Nifuteni mimi. Nikalia mbele za watu, mimi, ninayewafundisha wenzangu kulia ndani.

Tasneem akanishika bega. Akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kadi. Kitambulisho cha chuo! Picha yake, muhuri, kila kitu. Leticia akageukia kompyuta. Akasoma. Tasneem Shaibu, kilo arobaini na nane, presha safi, hajazaa, kasajiliwa Jumatano saa nne asubuhi, hosteli kitanda namba kumi na nne.

Jumatano saa nne! Mimi niko kwenye benchi napikika ndani ya ninja!

Nikamgeukia Angelina. Anaangalia bahari. Akasema, Bi Sitara usikasirike, ulipotoka tu aliniita dirishani, fomu tukaichapa nyingine steshenari hapo chini, daktari yuko hapa hapa chuoni. Nikamuuliza Tasneem, mwali unatokaje juani? Akasema hatukupita juani Mama mkubwa, bajaji ilikuwa na turubai.

Wanawake wakaanza tena vigoma, maana njaa imewashika wanataka tumalize.

Leticia akanirudishia ile fomu dirishani. Akasema kwa upole, hii si ya mwali, lakini presha ni ya mtu. Mama, nenda hospitali leo.

Jumapili, 13 Oktoba

Kimya. Hata wale wa soksi leo hawapo.

Tasneem amebaki hosteli. Nilidhani atakuwa anakwenda na kurudi, akasema atachelewa vipindi. Liwa imekauka kwenye bakuli, sijaiosha. Simu nilimrudishia, ametuma ujumbe, ameuliza kama nimekwenda hospitali. Nikamjibu nimekwenda, kwa maana ya Jumatano nilikwenda. Akaongeza kwamba wamepewa kazi ya kikundi, wenzake walitaka aandike peke yake, amekataa kuwa mpishi. Huo nimeusoma mara nyingi kuliko ile barua.

Nimekaa nikapima. Watu wananicheka, hiyo haina shaka, Mchikichi wote umesikia habari ya watoto wanne. Lakini tuulizane. Mtoto aliyepanga safari, akavuka maji, akasajiliwa, akarudi kitandani akajifunika, bila mimi kujua. Akili hiyo kaitoa wapi? Kafundwa! Tena hapo ni siku nne tu, kabla hata sijamaliza. Kosa nimeliona. Siku saba ni chache.

Juzi kwenye pantoni nilisikia kuwa kijana wa Bi Azza, mwenye duka la vitambaa kona ya Sikukuu, naye kapata chuo, Morogoro. Magoti hayanipi nafasi ya kwenda. Nimeandika ujumbe, naunakili hapa kabla sijautuma:

Bi Azza, assalaam alaykum. Hujambo wewe na Bwana Suud? Hongera ya Ammar. Mwali wangu wa kwanza wa chuo amefaulu, ulizia. Wa kiume nao hufundwa. Kwake nitamweka siku kumi na nne, ndani, bila simu. Fomu ya afya usihangaike nayo, nitampimia mimi mwenyewe. Tafadhali nijibu upesi, nimesikia chuo chao kinafungua Jumatatu ijayo.