Gari la Mikate Laenda Kambini

Jumatatu, 3 Agosti

Nimemaliza! Miezi mitatu ya randa, misumari na vidole vilivyopondeka, na leo gari-nyumba langu limekamilika. Zamani lilikuwa gari la kusambazia mikate. Ndani sasa kuna meza, kabati la vyombo, na kitanda kimoja kirefu ambacho miguu ya mlalaji inaelekea mlango wa nyuma. Godoro nimelifunika plastiki nzito, mvua isije ikaliharibu. Kila ubao nimeupima kwa pima maji, kile kipimo ambacho povu lake hukaa katikati ubao ukiwa sawa, hapa hapa uani, gari likiangalia geti. Povu katikati kila mahali! Seremala mwingine angekadiria kwa jicho. Mimi si seremala mwingine.

Ijumaa tunakwenda kambini kwa siku mbili. Mama mkwe amestaafu baada ya miaka thelathini ya kuuguza wagonjwa, zamu za usiku na za mchana, na ameomba kitu kimoja tu: alale mahali ambapo hakuna mtu atakayemwamsha. Atalala ndani ya gari langu. Mke wangu ameweka sharti. Mama yake akilala vizuri siku zote mbili, gari linabaki. Asipolala, linarudi kwa mwoka mikate, ambaye anapita hapa kila wiki kuuliza kama nimechoka nalo. Mke wangu anaitaka sehemu hiyo ya ua kwa kamba zake za nguo. Anasema hakuna ua mzuri wa kufulia kama wetu, maji yanateremka yenyewe mpaka getini.

Kuna jambo la pili, ambalo sijamwambia mtu. Miaka kumi na minne nimemwoa binti yake, na mama mkwe hajaniita fundi hata mara moja. Mlango wake ukikwama anamwita seremala wa mtaa wa pili. Inaniuma. Sasa nimeandika.

Jioni kikao cha kuchagua kambi. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, ana hema la dukani ambalo ukilirusha linafunguka lenyewe. Analirusha hata sebuleni. Yeye alitaka kambi ya mlimani. Basi mimi nikataka ya mjini. Nikasimama nikahutubia: maji ya bomba, vyoo vya kuvuta, taa, duka hatua ishirini, barabara ya lami hadi kwenye kiwanja chako. Nikauliza, huko mlimani mama akipatwa na kiu atalamba umande? Mama mkwe akacheka na kuchagua mjini. Shemeji akakunja hema lake kwa dakika kumi na tano, maana kulikunja si kama kulirusha. Ushindi!

Jumanne, 4 Agosti

Balaa.

Nimelipeleka gari kituo cha mafuta kujaza upepo. Nikajimiminia chai ndani, nijisifu kidogo. Kikombe kikaanza safari. Kikatembea juu ya meza pole pole kama mtu anayeaga, kikaanguka. Kabati likafunguka. Nikajilaza kitandani nifikiri, nikajikuta miguu imegota kwenye mlango wa nyuma.

Nikalaumu matairi. Mhudumu wa kituo akayapima yote, akasema hayana kosa. Akauliza nilijengea wapi. Nikamwambia uani. Akauliza kama ua wetu una mteremko. Nikasema mdogo tu, wa maji ya kufulia. Akapiga mluzi mrefu, akaenda kuwaita wenzake waje kutazama.

Basi, mbao zangu zimenyooka pale tu gari linapoinamisha pua kama uani; penye tambarare kila kitu kinateremkia nyuma. Kubomoa na kujenga upya kabla ya Ijumaa haiwezekani. Nimepita kambi ya mjini kuangalia. Viwanja vyote vya magari ni zege, tambarare kama meza ya kupigia pasi. Nimejipalia makaa mwenyewe!

Lakini mlima ni nini? Mlima ni mteremko mtupu. Nimekata shauri: tutakwenda mlimani, hata kama ni mimi niliyewashawishi wakatae.

Jumatano, 5 Agosti

Hakuna kazi ngumu kama kujibishana na hoja zako mwenyewe, hasa zikiwa nzuri.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mkwe. Nikamwambia mjini kuna kelele za treni. Akasema miaka thelathini amesinzia katikati ya vilio vya watoto wachanga, treni itambembeleza. Nikamwambia wezi. Akasema wakitaka ndala zake wazichukue. Nikamwambia hewa ya mlimani ni dawa. Akasema dawa anazijua, asante.

Mchana shemeji akaja. Nilitegemea angalau yeye aniunge mkono, si alitaka mlima? Wapi! Alipoona nimehamia mlimani, akahamia mjini. Akanirudishia hotuba yangu neno kwa neno: bomba, vyoo, duka hatua ishirini. Mpaka ule umande! Mama mkwe akampigia makofi. Hotuba ilikuwa yangu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alasiri nikampigia karani wa kambi ya mjini na kufuta nafasi zetu zote mbili tulizokwisha kuagiza, ya gari na ya hema. Akauliza sababu. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema tuna bibi anayekoroma kiasi cha kuwasumbua wapangaji wengine. Karani akasema nimefanya uungwana sana.

Nyumbani nikatangaza kwa uso wa majonzi kwamba kambi ya mjini imejaa.

Alhamisi, 6 Agosti

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata saa nne asubuhi.

Karani alipiga simu kuthibitisha, na aliyepokea ni mke wangu. Karani akamweleza kwamba wamewapa wengine nafasi zetu, na kwamba wanamwombea bibi apone tatizo la kukoroma. Mke wangu akashukuru, akakata simu, akanitazama. Heri angenirushia kiatu.

Nikasema nimefanya hivyo kwa sababu ya hewa safi. Nikasema nampenda mama.

Mama mkwe alipoambiwa, akauliza jambo moja tu: huyo bibi anayekoroma ni nani? Nikatazama dari. Akasema basi twende mlimani, maana nafasi ya mjini imekwenda na yeye hajastaafu ili agombane. Ila yeye hema hapana. Mgongo wake umeinamia vitanda vya wagonjwa vya kutosha, anataka kitanda. Nikamwapia kwamba kitanda kama changu hakijapata kutokea.

Mke wangu amenikumbusha sharti. Siku zote mbili. Nimemjibu kwamba mimi nikisema nimesema.

Ijumaa, 7 Agosti

Tumefika kambi ya mlimani saa tisa. Hewa baridi, miti mirefu, kijito kinasikika. Na miteremko! Nilitaka kuibusu ardhi.

Ndipo akaja msimamizi wa kambi, mzee mwenye filimbi shingoni. Akatueleza kwa fahari kwamba mwaka huu viwanja vya magari vimesawazishwa na kumwagiwa zege. Tambarare kuliko kambi yoyote ya mjini, akasema, hata gololi haitembei. Mahema ndiyo yanakaa kwenye nyasi, pale mteremkoni. Nikamuuliza kwa nini wameharibu mlima. Akadhani natania.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamvuta shemeji pembeni. Nikamwambia, kwa moyo mweupe, kwamba haifai mwalimu mzima alale kwenye mteremko wakati mimi nina zege bapa. Achukue kiwanja changu, mimi nitajibana kwenye nyasi zake. Akauliza kuna siafu huko kwenye zege? Nikasema hakuna. Akauliza kuna nini basi? Nikasema upendo. Akakubali, lakini alilikagua zege lote kwa tochi, mchana kweupe.

Nikapanda nyasini msimamizi akiwa anakunywa chai. Kwanza gari likaangalia juu, na makabati yote yakatapika vyombo. Nikaligeuza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara saba, mke wangu akihesabu kwa sauti. Pua ikaelekea bondeni. Nikaweka pima maji mezani. Povu katikati! Nikamimina chai. Ikatulia kama maji mtungini.

Mama mkwe akapanda, akajinyoosha kitandani, akapapasa ubao wa ubavuni kwa kiganja. Akasema, taratibu, “Fundi.”

Nilitoka nje haraka. Nikamwambia mke wangu moshi umeniingia machoni. Hatukuwa tumewasha moto.

Jumamosi, 8 Agosti

Mama mkwe ameamka saa mbili asubuhi! Anasema tangu aanze kazi hajawahi kulala mpaka jua limtangulie. Mke wangu amenimiminia chai mwenyewe na kuweka sukari bila kuombwa. Nikaanza kufikiria kupaka gari rangi.

Saa nne filimbi. Msimamizi. Gari kwenye nyasi za mahema! Nikaomba, nikasihi, nikasema gari lina kizunguzungu cha zege. Akasema saa sita liwe limetoka, la sivyo tutoke wote. Shemeji akahamisha hema lake kwa mkono mmoja, akipiga miluzi. Mimi nikashuka hadi kwenye zege nikiwa kama napeleka maiti.

Mpango mpya: mama mkwe asiguse kitanda mpaka giza liingie, na gizani nitaweka mawe chini ya magurudumu ya nyuma. Nikampeleka kuona kijito. Nikampeleka kuona kijito tena, kwa upande wa pili. Saa nane akasema miguu imekwisha, anakwenda kujilaza kwenye kile kitanda cha fundi. Alisema fundi mbele ya shemeji! Ningemzuiaje? Nikamfunika blanketi, nikashika mlango wa nyuma kwa mgongo wangu, nikatabasamu.

Shemeji akaniita nimshikie kamba ya hema. Nikakataa. Akaita tena. Mke wangu akasema nisiwe na roho mbaya. Nikaondoka kwa nukta tu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Zikatoka nyayo mbili. Zikafuata magoti. Plastiki ikilia fyuuu, mama mkwe akaja mzima mzima, pole pole, mikono kifuani, blanketi likiwa limemfunika vizuri, akaketi juu ya kiti cha kukunja cha shemeji kana kwamba alikiagiza. Vikombe vikamfuata nyuma.

Hakuumia. Akauliza tu kama ni zamu yake.

Nikasema mlima umetetemeka. Shemeji akachukua chungwa, akaingia garini, akaliweka mezani. Likabingirika mpaka mlangoni. Akaliokota, akalirudisha. Likabingirika. Akafanya hivyo mara tatu, kama yuko mbele ya ubao darasani. Kisha mke wangu akauliza, kwa sauti ndogo, pima maji niliitumia wapi. Nikasema uani. Wote watatu wakasema “Aaah” kwa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke, ila ilikuwa zege.

Mama mkwe atalala kwenye hema la shemeji. Mimi niko garini, nimejifunga kitandani kwa mkanda wa suruali.

Jumatatu, 10 Agosti

Mwoka mikate alikuwa getini kabla sijapiga mswaki. Nilitetea. Nikasema mama alilala vizuri nusu ya siku za safari, na nusu si haba. Mke wangu akasema sharti ni sharti, na kamba zake za nguo amekwisha kuzinunua. Gari si langu tena. Nimelishika usukani nikajisikia kulia, na sikujificha.

Mama mkwe alipita kuaga. Akanishika bega, akasema ule usingizi wa Ijumaa hatausahau. Nikasubiri lile neno. Akasema mlango wake wa jikoni umekwama, lakini nisijisumbue, ameshamwita yule wa mtaa wa pili.

Sijakata tamaa! Mwoka mikate anataka rafu za trei za mikate, kumi na mbili, mpaka Jumatano, na gari ameliacha uani nizijengee humo. Nani azijenge? Mimi. Nimekubali kwa sharti moja: mwaka ujao atuazime gari kwa safari. Amekubali. Tutakwenda tena, na nitasikia lile neno mbele ya mashahidi.

Shemeji amejitolea nikajengee rafu kwenye uwanja wa mpira wa kikapu shuleni kwake, kwenye sakafu bapa. Nimemshukuru na kukataa. Mimi si mtoto wa kufundishwa kazi kwa chungwa. Jana usiku nililala macho wazi nikitafakari, na kosa nimeligundua bila msaada wa mtu. Gari lilikuwa linaangalia geti.

Kwa hiyo leo nimeligeuza. Mara kumi na moja, mbele na nyuma, na nguzo moja aliyoisimika mke wangu kwa kamba zake za nguo imelala chini. Sasa pua iko juu, inaangalia ukuta wa jikoni, kinyume kabisa na zamani. Safari hii hakuna mkate utakaotokea mlango wa nyuma, naapa.

Rafu ya kwanza nimeshaigonga. Nimeweka pima maji juu yake. Povu limetulia katikati kabisa.