Nimekata Utepe Nikiwa wa Mwisho

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya wilaya mbili. Nawaandikia mwenyewe mapema kabla hamjatumiwa video.

Mnanijua. Mimi ni Boke, kidato cha tatu, mtu wa tufe. Kazi yangu ni kusimama kwenye duara, kurusha chuma, kisha kurudi kukaa. Mbio zangu ni za kuwahi foleni ya chakula tu. Leo shule za Tarime na za Serengeti tulikuwa tunashindana hapa Tarime mjini. Asubuhi nilirusha tufe nikawa wa pili. Siku yangu ilitakiwa iishie hapo.

Mchana, mwenzetu wa mita elfu tatu akateguka kifundo cha mguu wakati anapasha misuli. Mwalimu Marwa, mwalimu wetu wa michezo, akatutazama wasichana wote tuliokaa pale. Wenzangu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa namenya muwa kwa meno, sikuwahi kuinama.

"Boke, vaa raba."

"Mwalimu, mimi ni wa tufe!"

"Najua. Sikutumi ushinde. Kila anayemaliza anailetea shule pointi moja, na hiyo moja naitaka. Mizunguko saba na nusu. Tembea, tambaa, lakini umalize."

Nikavaa raba za kuazima (zinabana mpaka kwenye roho). Nikajiambia mambo mawili. La kwanza, namaliza. La pili, hakuna mtu atakayenizunguka. Kuwa wa mwisho naweza kuvumilia. Lakini mtu akupite, apotee, halafu atokee nyuma yako akupite tena? Hapana. Hiyo nimekataa.

Filimbi ikalia. Wenzangu kumi na mmoja wakaondoka kama wanawahi urithi. Mbele yao wote alikuwa msichana mmoja mwembamba kutoka Kisaka, anaitwa Wankuru, anakimbia peku, uso umetulia kabisa. Mzunguko wa pili mbavu zikaanza kunichoma. Wa tatu nikawa nabembeleza miguu yangu kwa Kikurya. Wa nne nikatazama mbele, sioni mtu! (Walikuwa mbele yangu wote. Ila upande wa pili wa uwanja.)

Sikusimama. Wanafunzi wa shule nyingine wakaniimbia, sikusimama. Kamba ya raba ikafunguka, sikusimama.

Mara nikasikia kengele ya mzunguko wa mwisho inagongwa nyuma yangu. Si yangu. Ya Wankuru. Nikageuka, huyo hapo, ananifuata hatua kama sitini, bado uso umetulia. Yeye anabakiza mzunguko mmoja. Mimi nikihesabu yangu, bado karibu miwili.

Nikasema hanizunguki.

Nikatoa mbio ambazo hata mimi sikujua ninazo. Nguvu yote ya tufe nikaishusha miguuni. Wankuru anakuja, mimi nachanja mbuga. Kona ya mwisho nasikia anavyohema. Watu wameinuka, wanapiga kelele, na katikati ya kelele nikasikia sauti ninayoijua tangu nazaliwa.

"Boke! Usimwache apite! Kaza, mama, kaza!"

Shangazi Ghati! Dada yake baba, anauza vitenge Sirari. Alikuwa amefunga duka aje kuniona narusha tufe, akachelewa, akaingia uwanjani dakika ileile. Alichokiona yeye ni wasichana wawili wanaokabana kuelekea utepe, na wa mbele ni damu yake.

Nikakaza. Nikamtangulia Wankuru kwa kifua. Na kwa kifua hichohicho nikakata utepe wake.

Basi! Shangazi ameshanifikia. Kanifunga kitenge kipya shingoni, kaniinua juu (na mimi si mwepesi, mnajua), akina mama wanapiga vigelegele. Mtangazaji kwenye spika: "Mshindi wetu, msichana shupavu kutoka Nyangoto!" Mgeni rasmi akaja mwenyewe kunipa mkono. Nikafungua mdomo nieleze, ikatoka pumzi tu.

(Sawa, niseme ukweli. Pumzi ilirudi mapema kidogo kuliko nilivyoonyesha. Nyinyi mmewahi kupigiwa vigelegele?)

Kwa mbali nikamwona Mwalimu Marwa ananinyooshea kidole kimoja. Namba moja! Na mimi nikamnyooshea kimoja. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akazungusha kile kidole hewani. Mzunguko mmoja. Bado mzunguko mmoja.

Wankuru alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, hakuna aliyemjali. Akaniuliza taratibu, "Hivi dada, wewe umetokea wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Hapo vigelegele vyote vikanichachia masikioni.

Nikateremka mabegani kwa shangazi, nikaomba maikrofoni. Mtangazaji akasita. Shangazi akamkemea, "Mura, kijana wewe, mpe binti yetu aongee!"

"Shikamooni," nikasema.

"Marahabaaa!" Uwanja mzima.

"Aliyeshinda ni huyu wa Kisaka. Mimi bado sijamaliza. Nimebakiza mzunguko mmoja."

Kikaja kicheko, wazee wangu, kicheko cha kutoka Sirari mpaka Mugumu. Mgeni rasmi akaficha uso kwenye karatasi ya ratiba. Mwalimu aliyekuwa anahesabu mizunguko akarusha kalamu juu: "Nawaambia tangu muda ule, hamnisikii!"

"Mwalimu, nikimalizia sasa, inahesabika?"

Akatazama saa yake, akanitazama mimi na kitenge changu. "Sijaisimamisha. Kimbia!"

Nikarudi kwenye mstari. Wenzangu wote walishamaliza, wamelala kwenye nyasi. Wavulana wa mita mia walishajipanga kwa mbio zao, wakaambiwa wapishe. Mita mia nne peke yangu, watu wote wananitazama mimi tu, kitenge kinapepea. Shangazi akanisindikiza pembeni kwa kandambili, anacheka mpaka machozi, huku anafoka, "Usitembee! Nimesema usitembee!" Sikutembea. Machozi yalinitoka, ndiyo, lakini sikutembea.

Nikamaliza. Utepe haukuwepo tena. Matokeo: wa kumi na mbili kati ya kumi na wawili. Mwalimu Marwa akaenda mezani kuhakikisha pointi yetu imeandikwa, akarudi akasema tu, "Imeingia." Wankuru akanipa maji yake. "Zile mbio zako za mwisho zilinitisha," akasema. "Nilidhani kuna mtu nilisahau kumpita."

Jioni nimefika nyumbani Nyangoto, nakuta harufu ya mchuzi mpaka barabarani. Kumbe shangazi alishapiga simu wakati ule wa vigelegele, na hakupiga ya pili. Bibi ameshachinja jogoo.

"Mshindi wangu! Umekuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili, bibi."

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

Bibi akanitazama, akaitazama sufuria, akakoroga kidogo.

"Basi wewe utakula shingo."

Naombeni msinicheke. Shingo nimeila yote, na kesho naomba raba za saizi yangu.